Filamu za Mjerumani Kwenye Vioo vya Kabati

Kaa vizuri, maana ninalotaka kukueleza halina haraka, kama zisivyokuwa na haraka filamu zenyewe. Kama una chai, endelea kuinywa huku ukinisikiliza. Nitakwenda polepole, na ukiona nimeruka jambo, nivumilie, nitarudi kulichukua.

Nataka kukueleza jinsi nilivyoziona filamu za mwongozaji mmoja wa Kijerumani. Sikuziona kwenye jumba la sinema, na lugha yake siijui hadi leo. Niliziona Tukuyu, kwenye vioo vya kabati la vyombo, kulia ikiwa kushoto na kushoto ikiwa kulia, kwa zaidi ya mwaka. Ili uelewe ilikuwaje, lazima kwanza nikuonyeshe nyumba na watu wake.

Ilikuwa nyumba ya baba mkwe wangu, pembeni mwa mji, upande wa barabara inayoteremka kwenda Masoko. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jekundu, migomba imeisogelea mpaka dirishani. Mvua ya huko ikianza unasahau lini ilipaswa kuisha, na ukungu ukishuka kutoka mlimani unaingia jikoni bila kubisha. Mimi kwetu ni Mpwapwa, nchi ya jua na vumbi. Nilikuja Rungwe kama mke wa mtu na mwalimu wa shule ya msingi, na kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba nguo inaweza kukaa kambani siku nyingi na bado ukaianua mbichi.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Sabuni ilikuwepo, sukari ilikuwepo, redio za kila aina zilikuwepo, na mashirika ya umma yalikuwa yakipunguza watu. Mume wangu alipunguzwa Mbeya. Akaanza kuchukua bidhaa Tunduma, kisha akahamia Dar es Salaam kutafuta mtaji, akaniacha kwa wazazi wake mpaka mambo yatakapokaa sawa. Nitakuambia mapema ili usikae ukimsubiri: hakurudi katika hadithi hii. Alikuwa akituma salamu kwa watu wa mabasi, halafu salamu zikapungua.

Mama mkwe alifariki mwaka wangu wa kwanza pale. Tukabaki wawili, mimi na baba mkwe, na hapo ndipo penye shida.

Huko Unyakyusani mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni. Hampi mkono, hamsalimii, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja. Akimwona anakuja njiani, anachepuka kwenye migomba mpaka apite. Usidhani ni chuki, ni heshima, na mama mkwe alinifundisha kwa upole mwingi. Zamani hata paa moja hawakukaa. Lakini nyumba za mjini zina paa moja na korido moja, kwa hiyo mila ilijibana ikaingia humo humo. Mama mkwe ndiye alikuwa daraja letu: akipokea sahani kwangu, akiipeleka kwake, akirudi na maneno. Daraja lilipoondoka, tukajitungia njia. Baba mkwe alikuwa na fimbo, na kila alipotaka kutoka chumbani aligonga sakafu mara moja, nami nikajificha jikoni. Chakula kikiwa tayari, niliweka mezani sebuleni, nikatoka, nikagonga mfuniko wa sufuria. Tuliishi kwa kugongeana hivyo. Nilijua kikohozi chake, nilijua harufu ya kiko chake, nilijua viatu vyake kisigino kipi kinaisha haraka. Uso wake sikuujua.

Wifi yangu, binti yake mkubwa, ameolewa Masoko. Jumamosi alikuja na ndizi na maziwa, akatutania, akafua mashuka ya baba yake, akaondoka na gari la mchana. Baada ya hapo nyumba ilikuwa kimya hadi Jumamosi nyingine.

Sasa nije kwenye televisheni. Baba mkwe alikuwa fundi seremala. Alimtengenezea vitanda, rafu na milango mtaalamu mmoja wa chai, Mjerumani, na yule bwana alipoondoka moja kwa moja alimwachia televisheni, deki ya video na sanduku la kanda. Wakati huo huku bara hatukuwa na kituo cha televisheni, kwa hiyo bila kanda ile ilikuwa meza yenye kioo. Na kanda zote zilikuwa za mwongozaji yule yule; jina lake lilikuwa kwenye kila ganda, kwa herufi zile zile. Hazikuwa na neno la Kiswahili wala la Kiingereza. Wifi aliwahi kuzipeleka kwenye banda la video karibu na stendi, ambako kijana mmoja alikuwa anatafsiri picha za karate kwa sauti kubwa kuliko ngumi zenyewe. Zilirudi siku hiyo hiyo. Mwenye banda alisema wateja wake wangevunja viti.

"Picha gani hizi, wifi," aliniambia, "mtu anakunywa supu mpaka na mimi nikashiba."

Lakini baba mkwe alizipenda. Jumapili, baada ya kanisa, umeme ukiwepo, alijiwekea kanda mwenyewe, akaketi kwenye kiti chake cha mninga akielekea televisheni. Mimi nilikuwa koridoni nyuma ya pazia, nikisahihisha madaftari au nikichambua maharage. Siku moja upepo ukalisogeza pazia, nikaona kwamba kabati la vyombo, lililosimama upande wa pili wa sebule, lina milango ya vioo, na humo ndani ya vioo kuna watu wanatembea. Televisheni yote ilikuwa mle. Kiti cha baba mkwe hakikuonekana, wala uso wake. Nikavuta kigoda.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nyuma ya kila mtu kulikuwa na vikombe vya maua ya bluu vya mama mkwe. Mwanamke akilia, birika lilimpita shavuni. Maandishi yote yalikuwa kinyume, lakini kwangu hata yangekuwa sawa yasingenisaidia.

Ngoja nikueleze filamu moja, ile niliyoipenda kuliko zote. Kuna mwanamume ambaye kazi yake ni kufunga na kufungua geti la reli, mahali pasipo na mji. Treni ikija anazungusha mkono wa chuma, geti linashuka. Ikipita, anazungusha tena, linapanda. Anaishi kwenye kijumba kando ya reli. Anakata mkate, anautazama, anakula. Kila asubuhi mwanamke mmoja anapita na baiskeli. Hawasemezani. Yeye anainua kofia kidogo, mwanamke anatikisa kichwa, basi. Halafu asubuhi moja mwanamke hapiti. Hatuambiwi amepatwa na nini. Yule bwana anafungua geti ingawa hakuna treni, anasimama. Theluji inaanza. Geti liko juu, na filamu inaishia hapo.

Nikiisimulia hivi inaonekana fupi, lakini ni saa mbili. Kama hujazizoea filamu za namna hii, usijilaumu ukichoka. Hata mimi nilichoka. Siri ni kuacha kungoja jambo litokee. Siku nilipoacha kungoja, nilianza kuona. Niliona kwamba yule mwongozaji alikuwa na tabia moja: mtu akitoka chumbani, kamera haitoki naye. Inabaki inatazama kiti alichokalia, kikombe alichoacha, pazia linavyotulia. Nyumba za filamu nyingine zinakufa mtu akitoka. Za huyu ziliendelea kuishi, kama mtu anayebaki nyumbani wengine wakiwa wameondoka. Mimi nilikuwa mtu huyo, ndiyo maana nilimwelewa.

Na jambo jingine: watu wake walizungumza wamepeana migongo. Mmoja anaosha vyombo, mwingine anatazama dirishani, na maneno yanapita katikati. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba na huko Ujerumani kuna mila ya wakwe. Nilikuwa nikiwahesabia: huyu lazima ni mkamwana, na yule ni baba mkwe, ndiyo maana hawatazamani. Usinicheke. Au cheka kidogo.

Basi Jumapili moja mvua ilikuwa inapiga bati na filamu ya geti ilikuwa inaendelea. Ghafla kwenye vioo watu wakapotea, zikabaki chenga tupu, nyeupe, zinacheza juu ya vikombe. Sauti iliendelea: nyayo, upepo, mlango. Nikangoja baba mkwe ainuke aipige televisheni ubavuni, kama wanavyofanya watu wote wenye televisheni. Hakuinuka. Chenga zikaendelea, naye akaguna pale alipozoea kuguna, pale mlango unapofungwa.

Hapo vitu vingi nilivyokuwa nimeviona bila kuviona vikakaa pamoja. Chai iliyomwagika kila siku upande ule ule wa meza. Vidole vyake vilivyoacha weusi ukutani, kwenye mstari mmoja, kutoka kitandani hadi mlango wa nje. Jinsi alivyowatambua watu kwa sauti zao tu. Baba mkwe alikuwa haoni.

Ningefanya nini? Kuingia siwezi. Kusema naye siwezi. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu hawezi kumwacha mtu mbele ya ubao uliofutika. Nikakohoa, nikaviambia vikombe, kwa sauti ya darasani:

"Vikombe, picha imepotea. Zimebaki chenga."

Nikasikia mvua tu. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha fimbo ikagonga sakafu, na sauti ambayo haikuwahi kunielekea ikasema, kwa Kiswahili chake chenye Kinyakyusa ndani yake:

"Fimbo, kumbe picha imepotea?"

Akainuka, akapapasa, akaipiga televisheni ubavuni. Yule bwana wa geti akarudi kwenye vioo, anakata mkate.

"Fimbo," alisema, "uliza kama imerudi."

"Vikombe vinasema imerudi," nikajibu.

Tangu siku hiyo nilivisimulia vikombe kila Jumapili. Mwanzoni nilisimulia vibaya, haraka, nikieleza kila kitu hadi rangi ya soksi, na nilipofika mahali pa kimya nilipajaza maneno. Fimbo iligonga mara mbili. Nikajifunza kwamba maana yake ni "nyamaza, nasikia mwenyewe". Alisikia mengi. Aliiambia fimbo kwamba mlango wa mama mmoja wa kwenye filamu umefungwa bawaba mbovu, na kwamba sakafu ya nyumba ile ni mbao nene zisizo na mchwa. Nami nikamwambia, yaani nikaviambia vikombe, kuhusu theluji: kwamba inashuka kama pamba, bila sauti, na asubuhi kila kitu kimesahaulika. Akasema yeye aliwahi kuona mvua ya mawe mlimani akiwa kijana, akadhani Mungu anamwaga mchele. Nilicheka koridoni, naye akacheka sebuleni, kila mmoja na upande wake wa pazia.

Ukiniuliza kama nilikuwa mpweke bado, nitakwambia ndiyo. Upweke haukwisha. Ila Jumapili ulikuwa na mtu wa kukaa naye.

Lakini sote wawili tulijua hatari iliyokuwepo, ingawa hatukuitaja. Mtu asiyeona anahitaji mkono wa kumshika, na mkono pekee uliokuwa nyumbani mle ulikuwa wangu, mkono wa mkamwana. Wifi akijua, atamchukua. Kwa hiyo Ijumaa nilifuta weusi wa vidole ukutani, na Jumamosi baba mkwe aliketi mahali pamoja tangu asubuhi, akimsubiri binti yake amjie.

Wifi si mjinga. Jumamosi moja gari lilimwacha, akaamua kulala, na Jumapili akanikuta koridoni nimekalia kigoda, nasema na kabati.

"Wifi, unavifundisha vikombe kusoma?" alisema, akacheka mpaka akashika ukuta. Akatazama vioo, akatazama pazia, akasikia fimbo ikiuliza ndani kama yule mwanamke wa baiskeli ameshapita. Kicheko kikamwisha usoni. Akaingia sebuleni, akanyoosha mkono kumsalimia baba yake bila kusema neno. Mkono ulibaki hewani.

Alimpeleka Mbeya kwa madaktari wa macho. Walisema ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi; alichobakiwa nacho ni mwanga na vivuli. Waliporudi, wifi alinifuata jikoni, akakaa kwenye gunia la mkaa, akanishika mkono. Nilimwambia kwamba tumeishi vizuri, kwamba kila kitu nimekipanga mahali pake, kwamba hajaanguka hata mara moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa wifi yangu," akasema taratibu, "siku akianguka bafuni, utamwinua kwa vikombe?"

Alisema kweli, na aliisema kwa upendo. Ilikubaliwa kwamba baada ya mazishi ya jirani aliyefariki wiki hiyo, ambayo baba mkwe kama mzee asingeyakosa, atahamia Masoko kwa wifi. Kule hakukuwa na umeme. Televisheni ingebaki.

Mchana wa mwisho, wifi akiwa msibani anasaidia kupika, nilisikia kanda ikiingia kwenye deki. Nikakaa kwenye kigoda changu. Lakini badala ya mlio wa kiti kutulia, nikasikia kiti kikiburutwa, kizito, mninga juu ya saruji, kikigeuka nusu, kikigeuka tena. Fimbo ikagonga.

"Fimbo," alisema, "mwambie mwalimu aingie akae kwenye kochi. Mimi natazama ukuta."

Nilisimama pale muda ambao filamu za kawaida zingekuwa zimeshaua watu. Mama mkwe angesemaje? Nadhani angepima umbali kwa macho, halafu angekwenda kuchochea moto. Nikalifungua pazia. Aliketi ameipa televisheni mgongo na mimi amenipa mgongo, uso ukutani, kofia magotini. Niliona kisogo chake, mvi zilizokatwa vizuri, shingo nyembamba kuliko nilivyodhani. Nikaketi ukingoni mwa kochi, nikaitazama filamu ya geti moja kwa moja kwa mara ya kwanza.

Mwanamke wa baiskeli akatokea. Nikafungua mdomo kusema anatokea kulia, kama nilivyosema siku zote, nikaona anatokea kushoto.

"Samahani," nikasema, na nilisahau kuvitaja vikombe. "Kumbe anatokea kushoto. Muda wote nilikuwa nakuambia vibaya, baba. Nilikuwa naona kwenye kioo."

Nikakumbuka nimemwita baba, tena moja kwa moja, nikaogopa.

"Nilijua," aliuambia ukuta. "Kivuli kilikuwa kinatoka upande mwingine. Nikasema niache, anasimulia vizuri."

Theluji ilipoanza sikuisimulia. Geti likabaki juu, kanda ikakwaruza, ikasimama. Akasema "ndaga fijo", asante sana, nami nikarudi koridoni kabla hajainuka.

Baada ya yeye kuondoka nilizitazama filamu zote upya, nimekaa kwenye kochi, kulia ikiwa kulia. Zilikuwa safi zaidi, na sikuzipenda kama mwanzo. Nilikuwa nakosa vikombe. Wakati mwingine nilijikuta nasimulia kwa sauti, halafu nasikiliza kama kuna fimbo. Nilielewa kwa nini yule mwongozaji alibakiza kamera kwenye kiti kitupu. Kiti cha mninga kilibaki kimeelekea ukuta, sikukigeuza.

Wifi aliendelea kuja, na kila mara alileta swali. Baba anauliza, yule wa geti, mwanamke amepita? Mwanzoni nilimwambia amkumbushe kwamba filamu imeisha. Mara ya tatu au ya nne nilimwambia nitakuja mwenyewe.

Nilikwenda Masoko. Nyumba yao iko kwenye kahawa na migomba, na chumba cha mzee kina dirisha la mbao upande wa nyuma. Wifi aliniwekea kigoda nje chini ya dirisha, akarudi kwenye shughuli zake. Sikuwa na kanda, sikuwa na kioo, sikujua hata kama yumo ndani na ameamka. Nikaanza kusimulia kutoka kichwani: kijumba kando ya reli, mkate, mkono wa chuma. Nilisimulia polepole. Mwanamke akatokea upande wa kushoto na baiskeli yake. Hapo fimbo ikagonga ndani, mara moja.

Kwa hiyo, nawe ukiwa na mtu wako asiyeona, usione aibu kwamba hujui pa kuanzia. Keti karibu naye kiasi atakachoridhia. Mwambie kwanza mwanga unatoka wapi, kisha nani ameingia na kwa upande upi. Watu wakinyamaza kwenye filamu, nyamaza na wewe. Ikifika mwisho, usizime haraka. Ngoja mpaka aguse fimbo yake.